Kijasho Chembamba: Kompyuta na Upimaji wa Msongo Bila Kumgusa Mtu

Mwili wa mtu hubadilika pale unapopimwa. Mwaka 1983 Giuseppe Mancia na wenzake nchini Italia walichapisha katika jarida la Lancet jaribio lililoweka jambo hilo wazi. Wagonjwa waliolazwa walikuwa wamewekewa kifaa ndani ya ateri, kinachorekodi shinikizo la damu mfululizo, mchana na usiku. Daktari alipoingia chumbani na kuwafunga mkanda wa presha mkononi, kifaa kile kilionyesha presha ikipanda papo hapo. Kilele chake kilikuwa, kwa wastani, takriban milimita 27 za zebaki juu ya kiwango cha kabla ya daktari kuja. Namba aliyoiandika kwenye faili ilikuwa na mchango wake yeye mwenyewe ndani yake.

Kwa anayechunguza msongo, tatizo hilo ni zito zaidi, kwa kuwa kitu anachokitafuta ndicho hicho hicho ambacho upimaji hukizusha. Mtu aliyebandikwa nyaya kifuani, akavishwa vihisi vidoleni na mkanda mbavuni, kisha akaambiwa akae kama kawaida, hawezi kukaa kama kawaida. Ndiyo maana, kwa robo karne hivi, tawi moja la sayansi ya kompyuta limekuwa likitafuta namna ya kuzisoma dalili za mwili bila kumgusa mtu wala kumkatiza shughuli yake: kwa kamera, kwa mawimbi ya redio, na kwa simu ambayo tayari imo mfukoni mwake.

Kiswahili kimeuweka msongo kichwani: msongo wa mawazo, yaani mawazo yaliyosongamana. Hata hivyo misemo ya watu inajua kwamba mwili mzima umo katika shughuli hiyo. Moyo huenda mbio, mate hukauka, mwili husisimka, na kijasho chembamba humtoka mtu. Msemo huu wa mwisho una usahihi unaostahili kuangaliwa. Jasho la mkulima shambani na la mchukuzi bandarini ni jasho tu, hutiririka mgongoni na kuulowesha shati. Kijasho chembamba ni kingine. Humtoka mtu aliyekaa kivulini, juu ya mdomo na puani, pale anapoulizwa swali asilotaka kulijibu.

Fiziolojia inatofautisha vivyo hivyo. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza namna mnyama aliyetishwa anavyojiandaa kupigana au kukimbia: moyo huongeza kasi, damu huhamishwa kutoka tumboni kwenda kwenye misuli, na sukari huongezwa katika damu. Mwaka 1936 Hans Selye, akifanya kazi Montreal nchini Kanada, alichapisha katika jarida la Nature barua fupi kuhusu panya waliowekwa kwenye baridi, waliojeruhiwa, waliochoshwa kwa mazoezi au waliopewa dawa kwa kiwango cha sumu. Chanzo kilitofautiana, lakini matokeo yalifanana: tezi za adrenali zilikua na tumbo likapata vidonda.

Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba habari ya hatari husafiri mwilini kwa njia mbili. Njia ya haraka ni ya neva za simpathetiki, ambazo hufanya kazi pasipo mtu kuamua, na matokeo yake huonekana ndani ya sekunde chache. Njia ya polepole ni ya homoni: ubongo huiamuru tezi ya pituitari, nayo huziamuru tezi za adrenali zitoe kotisoli, ambayo hufikia kilele dakika 20 hadi 30 baada ya tukio. Kotisoli hupimwa kwa mate au damu, maabarani. Kwa hiyo watafiti wa kompyuta waliishika njia ya kwanza, maana ndiyo inayoandika kwenye ngozi, na kinachoandikwa kwenye ngozi kinaweza kusomwa kwa mbali. Neva hizo huzifikia tezi za jasho, hasa za viganja, nyayo, na eneo lililozunguka pua. Huzifikia pia vishipa vidogo vya uso, mboni ya jicho, na moyo.

Ili kuchunguza msongo, ni lazima kwanza uzushwe. Njia inayotumiwa sana ilibuniwa Trier, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 1993 na Clemens Kirschbaum na wenzake. Mshiriki husimama mbele ya jopo lisilotabasamu, hutoa hotuba ya kuomba kazi, kisha hutakiwa kutoa 13 kutoka 1,022, na 13 tena, na tena, kwa sauti. Akikosea, huanza upya. Kila aliyewahi kuhojiwa kazi ataelewa kwa nini jaribio hilo limedumu.

Vyombo vya mwanzo vyote vilikuwa vya kugusa. Mwaka 1888 Charles Féré huko Ufaransa alionyesha kwamba umeme hupita ngozini kwa urahisi zaidi mtu anaposisimka. Mwaka 1921, mjini Berkeley, California, John Larson aliunganisha vipimo vya presha na pumzi katika mashine moja ya polisi, ile ambayo dunia iliita mashine ya kugundua uongo. Jina hilo limefanya madhara mengi. Mashine ile haikuwahi kupima uongo. Ilipima msisimko wa mwili, na mtu mkweli mwenye hofu husisimka pia. Mwaka 1988 Marekani ilipitisha sheria inayowakataza waajiri wengi wa sekta binafsi kuitumia kwa wafanyakazi wao.

Kompyuta iliingia uwanjani kwa nguvu mwaka 1997, pale Rosalind Picard wa taasisi ya MIT alipochapisha kitabu chake kuhusu kompyuta zinazotambua hisia. Mwaka 2005 yeye na Jennifer Healey walitoa matokeo ya madereva waliopita katika barabara na mitaa ya Boston wakiwa na vihisi vya moyo, misuli, pumzi na ngozi. Kwa vipande vya dakika tano, programu ilitofautisha viwango vitatu vya msongo, yaani mapumziko, barabara kuu na mitaa ya mjini, kwa usahihi uliozidi asilimia 97. Upitishaji wa umeme kwenye ngozi na mapigo ya moyo ndivyo vilivyoonyesha mengi zaidi. Lakini madereva wale walikuwa wamefungwa nyaya, na hakuna dereva wa daladala au wa lori atakayejifunga nyaya kila asubuhi.

Hatua ya kuachana na nyaya ilianza na joto. Kila mwili hutoa mionzi ya infraredi, na kamera ya joto huigeuza kuwa picha ambamo kila nukta ni kiwango cha joto. Mwaka 2002 Ioannis Pavlidis, pamoja na Norman Eberhardt na James Levine, walieleza katika Nature kwamba eneo la kuzunguka macho hupata joto ghafla mtu anaposhtuka, kwa sababu damu huongezeka hapo. Jaribio lilihusu watu 20, baadhi wakiwa wameigiza uhalifu kisha wakaukana. Waandishi waliona humo njia ya kuwatambua wadanganyifu, kwa mfano katika viwanja vya ndege. Hapo kosa la mashine ya zamani lilirudi kwa chombo kipya, kwani abiria aliyechelewa ndege naye ana damu nyingi machoni. Ugunduzi wa kifiziolojia ulikuwa na thamani, lakini matumizi yaliyopendekezwa yalikuwa yameutangulia mno.

Kazi iliyofuata, ambayo Pavlidis aliiongoza katika Chuo Kikuu cha Houston, ilijenga mahali imara zaidi: kwenye pua na juu ya mdomo, makazi ya kijasho chembamba. Tone la jasho linapotokeza kwenye kinyweleo, huanza kukauka, na katika kukauka huchukua joto la ngozi iliyo chini yake. Kwenye picha ya joto, kila kinyweleo kinachofanya kazi huonekana kama kitone cheusi cha ubaridi. Programu hulifuata eneo la pua hata uso ukigeuka, huhesabu ubaridi huo mara kwa mara, na kutoa mstari unaopanda na kushuka kadiri mtu anavyosisimka na kutulia. Mstari huo ulipolinganishwa na ule wa vihisi vya vidoleni, ulikwenda nao sambamba. Kilichokuwa kikisemwa kwa mithali na wasimulizi kikawa kipimo cha maabara.

Chombo hiki kilizaa matokeo ambayo nyaya zisingeweza kuyatoa. Mwaka 2012 kikundi hicho kilichapisha uchunguzi wa madaktari waliokuwa wakifanya mazoezi ya upasuaji wa matundu madogo. Mikono ya mpasuaji haiwezi kubandikwa vihisi bila kuharibu kazi yenyewe, lakini uso wake uko huru. Wanafunzi walitokwa na kijasho, na katika hali hiyo wakaharakisha mikono, na kwa kuharakisha wakakosea. Mabingwa walibaki watulivu kwa zoezi lile lile. Jambo la kujifunza humo halikuwa kwamba mwanafunzi hukosea, bali ni mfuatano wake: msisimko huisukuma kasi ya mikono kupita ujuzi uliopo, na makosa huja kwa mlango huo. Mwalimu anayeuona mstari wa msisimko anaweza kujua kama mwanafunzi anahitaji maelezo zaidi au anahitaji kupunguza mwendo.

Uchunguzi wa madereva wa mwaka 2016 ulileta jambo ambalo halikutazamiwa. Watu 59 waliendesha gari la kuigiza, lenye usukani halisi na skrini zinazoonyesha barabara, katika kipande kile kile cha njia mara nne: kwa utulivu, huku wakiulizwa maswali ya kufikirisha, huku wakiulizwa maswali ya kuudhi, na huku wakiandika meseji. Katika hali zote tatu za usumbufu kijasho kiliongezeka na usukani ukatetemeka. Ila gari lilitoka kwenye mstari wake kwa kiasi cha hatari katika hali moja tu, ya meseji. Dereva aliyekasirika au aliyezama katika mawazo alikwenda mnyoofu hata kuliko kawaida. Watafiti walipendekeza kwamba sehemu ya ubongo iitwayo singulati ya mbele hurekebisha makosa ya mkono pasipo mtu kujua, mradi macho yaendelee kuiona barabara. Meseji huyaondoa macho, na ule mnyororo wa jicho na mkono hukatika. Kwa nchi ambazo dereva mmoja hubeba abiria makumi usiku kucha, habari hii ina uzito kuliko mabango mengi ya usalama barabarani. Yanayomkera dereva moyoni mwili wake unaweza kuyafidia; simu iliyo mkononi hauwezi.

Kamera ya joto ni ghali. Njia ya pili hutumia kamera ya kawaida na mwanga uliopo. Moyo unapopiga, damu katika vishipa vya uso huongezeka kidogo, kisha hupungua, na kwa kuwa hemoglobini hunyonya sana mwanga wa kijani, rangi ya uso hubadilika kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Mwaka 2008 Wim Verkruysse na wenzake huko California walithibitisha kwamba kamera ya dukani na mwanga wa chumbani vinatosha kuupata mdundo huo. Mwaka 2010 Ming-Zher Poh, Daniel McDuff na Picard waliupata kwa kamera iliyomo ndani ya kompyuta mpakato, na kwa watu zaidi ya mmoja katika picha moja. Mwaka 2012 watafiti wa MIT walitoa programu inayokuza mabadiliko hayo, na watazamaji wakauona uso wa mtu ukiiva na kupauka kwa kila pigo la moyo.

Mapigo yakishapatikana, yanaeleza zaidi ya kasi. Moyo wa mtu aliyetulia haupigi kama saa ya ukutani. Nafasi kati ya pigo na pigo hurefuka na kufupika, hasa kwa kufuata pumzi. Katika msongo tofauti hizo kwa kawaida hupungua, na moyo huwa mkavu kama ngoma ya gwaride. Kipimo hicho kinadai uangalifu, maana kosa dogo la kutambua pigo moja hukiharibu chote.

Pengine matumizi yanayostahili sifa kuliko yote yako katika wodi za watoto njiti. Ngozi ya mtoto njiti ni nyepesi mno, na kubandua kihisi kunaweza kuichuna. Katika Chuo Kikuu cha Oxford, Mauricio Villarroel, Lionel Tarassenko na wenzao walionyesha mwaka 2014 kwamba kamera juu ya kitanda inaweza kufuatilia mapigo ya moyo na pumzi za watoto hao. Hapo kutogusa ni huruma kwa maana yake halisi.

Njia ya tatu haihitaji mwanga. Kifua hupanda na kushuka kwa kila pumzi, na moyo hukitikisa kidogo zaidi. Wimbi la redio likirushwa na kurudi, mabadiliko ya umbali huo husomeka. Dina Katabi na kikundi chake cha MIT walieleza mwaka 2015 chombo kinachosoma pumzi na mapigo ya moyo hadi umbali wa meta 8, hata mtu akiwa upande wa pili wa ukuta. Mwaka uliofuata, Mingmin Zhao, Fadel Adib na Katabi walikitumia kutambua furaha, raha, huzuni na hasira kwa usahihi wa asilimia 87. Kamera humtaka mtu aielekee. Wimbi halimtaki chochote.

Simu nayo hufanya kazi kwa kujumlisha tabia badala ya kusoma ngozi. Mwaka 2014 Andrew Campbell na wenzake wa chuo cha Dartmouth, Marekani, waliwafuatilia wanafunzi 48 kwa wiki 10 kupitia simu zao: usingizi, mwendo, mazungumzo, mahali walipo. Kadiri muhula ulivyosonga na kazi kuongezeka, msongo ulipanda, huku usingizi na mazungumzo vikipungua. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi hatashangazwa na matokeo hayo. Kipya ni kwamba simu iliuona usingizi na mazungumzo vikipungua bila kuambiwa.

Pamoja na mafanikio hayo, vyombo vyote hivi vina upungufu mmoja wa asili. Vinapima kiasi cha msisimko, wala havijui sababu yake. Bi harusi na mtu anayengojea hukumu wanaweza kutoa mstari mmoja. Kahawa, homa, ngazi za ghorofa ya nne na bao la dakika ya mwisho huufikia moyo kwa neva zile zile. Kwa hiyo kila utafiti makini hulinganisha mstari wa mashine na maneno ya mhusika, kwa dodoso au kwa mahojiano, na neno la mhusika ndilo linaloupa mstari maana. Tafiti zilizolitupa neno hilo zimeishia kudai mengi kuliko zilivyopima.

Kuna pia suala la mahali. Sehemu kubwa ya majaribio hufanyika katika vyumba vyenye viyoyozi. Mombasa au Zanzibar mwezi wa Februari, jasho la joto humtoka kila mtu kabla msongo haujafika, na hewa yenye unyevu huzuia matone kukauka, ilhali ubaridi wa kukauka ndio unaosomwa na kamera. Chombo kilichosahihishwa Houston ndani ya chumba baridi hakina budi kusahihishwa upya pwani.

Zito zaidi ni suala la rangi ya ngozi. Melanini hunyonya mwanga ule ule unaotegemewa kubeba mdundo wa damu, na katika ngozi nyeusi ishara inayorudi kwenye kamera ni dhaifu. Onyo lilitoka kwa kifaa cha zamani zaidi cha mwanga, kile kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, ambacho msingi wake uliwekwa na Takuo Aoyagi nchini Japani miaka ya 1970. Mwaka 2020 Michael Sjoding na wenzake walionyesha, katika hospitali za Marekani, kwamba upungufu wa oksijeni uliofichwa na kifaa hicho ulitokea kwa wagonjwa Weusi takriban mara tatu zaidi ya wagonjwa Weupe. Kifaa kilikuwa kimetumika kwa miongo kadhaa. Programu za kuusoma uso nazo zilipatikana na kasoro ya namna hiyo: mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima kwa picha za wabunge wa nchi sita, Rwanda ikiwemo, na programu mojawapo ilikosea jinsia ya wanawake wenye ngozi nyeusi kwa asilimia 34.7, huku makosa kwa wanaume wenye ngozi nyeupe yakiwa chini ya asilimia 1. Programu inayoshindwa kuusoma uso vizuri haiwezi kuaminiwa kusoma damu iliyo chini yake. Kamera ya joto na wimbi la redio haviutegemei mwanga unaorudi kutoka ngozini, na hiyo ni sababu ya kutosha kwa vyuo vya Afrika Mashariki kuvitazama kwa makini.

Linabaki suala la ridhaa. Nyaya zilikuwa na fadhila moja: hakuna aliyeweza kufungwa bila kujua. Hatua ile ile iliyoondoa usumbufu wa kupimwa iliondoa pia taarifa ya kwamba mtu anapimwa. Ripoti ya msongo inaweza kumwokoa rubani aliyechoka, na inaweza pia kumpa meneja orodha ya nani ananung'unika moyoni. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba ya mwaka 2024 inakataza mifumo ya kutambua hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, na haihesabu uchovu wala maumivu kuwa hisia, hivyo chombo cha kumwamsha dereva anayesinzia kinaruhusiwa. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inazitaja sifa za kifiziolojia katika tafsiri yake ya data za kibayometriki, na inataka data zitumike kwa kusudi lililotajwa wakati wa kuzikusanya. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti.

Ugumu ni kwamba video ya kawaida, kama ya mahojiano ya kazi, ya kikao cha mtandaoni au ya kamera ya mlangoni, huweza kubeba mdundo wa moyo ndani yake tangu siku iliporekodiwa, mradi haikuminywa mno wakati wa kuhifadhiwa. Aliyekubali kupigwa picha alikubali sura yake ionekane. Mapigo yake yanaweza kutolewa humo miaka baadaye, kwa programu ambayo haikuwepo siku ile, na mtu ambaye hakutajwa siku ile.